Mkate wa Arobaini Yako

Yaya Mwamvita,

Habari za huko siwezi kukuuliza, basi nianze na za huku. Sisi tuko. Maji ya Lualaba yamepungua, mchanga umejitokeza upande wa chini wa kisiwa, na watoto wanavuka kwa miguu pale ulipokuwa unaogopa kiboko. Muhogo umekubali. Mzee Salumu bado anavusha watu na mtumbwi wake, bado anakohoa, bado anaapa kwamba huu ndio mwaka wake wa mwisho kushika kasia. Hakuna anayemsadiki.

Kesho asubuhi nasafiri. Ulinifundisha kwamba mtu haondoki nyumbani bila kumuaga mkubwa wake, na mimi hapa kisiwani sikuwa na mkubwa mwingine ila wewe, uliyekubali kuwa dada yangu mkubwa. Ndiyo sababu naandika. Nitakuja kuisoma barua hii kaburini kabla ya kupanda mtumbwi, kwa sauti ndogo, watu wasinicheke. Lakini kabla ya kukuambia ninakokwenda, acha nikueleze yaliyopita tangu siku ile. Uliondoka kazi ikiwa katikati, na wewe hukupenda habari iliyokatwa katikati.

Siku yenyewe naikumbuka vipande vipande. Tulikuwa tumemaliza kukanda, ukasema kifua kinabana, ukakaa chini ukiegemea ukuta wa jiko. Wewe kukaa chini mchana! Hapo nikajua. Nikamwita Mzee Salumu, tukakulaza kwenye mtumbwi juu ya mkeka, kichwa chako mapajani mwangu, ili ng'ambo tupate pikipiki ya kukufikisha hospitali Kasongo. Katikati ya mto ulifungua macho ukaniuliza, "Feza, ule unga umeufunika?"

Nikasema, "Nimeufunika, Yaya."

Ukasema, "Muzuri." Ukafumba macho tena. Mimi nilidhani umelala. Mzee Salumu ndiye aliyejua kwanza, maana aliacha kupiga kasia. Mtumbwi ukachukuliwa na maji kidogo, taratibu, na hakuna aliyeuzuia. Hatukulia pale. Sijui kwa nini. Tuligeuza tu.

Unga nilikuwa nimeufunika kweli. Tuliporudi ulikuwa umeumuka mpaka umeinua kitambaa, ukamwagika pembeni mwa beseni. Mama Esperansi, jirani yetu mke wa katekista, aliuondoa kimyakimya nisiuone, akawapa kuku. Niliona.

Tulikuzika jioni ile ile, kama dini yako inavyotaka, karibu na marehemu mume wako. Kisiwa chetu unakijua, mtu akipiga chafya upande huu, upande ule wanamwombea afya. Basi watu wote walikuja. Na pale matangani tuliona kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukiona hapa: matanga yasiyo na mkate.

Tangu nije kisiwani, akifa Mwislamu au Mkristo, kabla watu hawajamaliza kuchimba kaburi, moshi wako ulikuwa umeshapanda. Hukungoja kuombwa. Waombolezaji wakirudi makaburini walikuta chai na mkate wa moto, na ukiulizwa kwa nini unajisumbua, unasema, "Mutu mwenye njaa hawezi kulia muzuri." Siku yako watu walikaa na vikombe mkononi. Macho yalikuwa yanakwenda yenyewe upande wa tanuri, kisha mtu anajishtukia na kuangalia chini. Mwisho Mzee Salumu akasema kwa sauti, "Musitazame kule. Mwenye mukate ndiye tumemulaza."

Hapo ndipo kilio kilipoanza. Nafikiri wengi walikulilia kwa kuupitia ule mkate, na sioni vibaya kukuambia.

Baada ya hapo sikuwasha tanuri siku nyingi. Nilikuwa nakaa tu kwenye kigoda chako nyuma ya nyumba, nakitazama kile kichuguu ambacho wewe na mumeo mlikichimba ndani mkakifanya tanuri, kabla mimi sijafika. Ulinisimulia jinsi watu wa ng'ambo walivyowacheka, kwamba mnataka kupika mkate ndani ya nyumba ya mchwa, na jinsi walivyokuja kuvuka mto wenyewe kuutafuta.

Kukanda nilijua, Yaya. Miaka yote hiyo mikono yangu ndiyo iliyokanda, ikakata madonge, ikapanga kwenye mikebe. Lakini moto ulikuwa wako. Hukumpa mtu, na haikuwa uchoyo. Ulisema tu, "Mimi na moto tunajuana." Ulikuwa unaukoka mpaka kuta za ndani zinageuka nyeupe, unakokota makaa nje, unafuta sakafu kwa majani mabichi ya mgomba. Halafu unaingiza mkono mdomoni mwa tanuri na kusoma Alhamdu, polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa. Mkono ukikataa kabla hujamaliza, moto ungali mkali. Ukimaliza na mkono unastarehe, tanuri imepoa. Mkono ukivumilia mpaka "amin" na kutaka kutoka papo hapo, basi unasema, "Leta." Na mimi naleta.

Mimi Mkristo niliyetoka Wamaza, Alhamdu nilikuwa naijua kwa masikio tu, kama unavyojua wimbo wa jirani.

Nilijaribu mara moja, peke yangu. Nje ikaungua, ndani ikabaki mbichi. Nikavunjavunja mikate yote nikaitupia samaki, nikaziba mdomo wa tanuri kwa bati. Upepo ukaliangusha bati, na kuku wako yule asiye na mkia akaona mahali pakavu penye giza na majivu laini, akaingia, akataga. Sikumtoa. Nilisema moyoni, angalau kuna mmoja anayeitumia.

Kisha akaja Ramazani.

Tafadhali usimkasirikie mwanao. Amekonda. Pikipiki ya watu aliyokuwa anaendesha kule Kasongo imerudi kwa mwenyewe, sasa anaendesha ya mwingine, na nyumba aliyopanga inavuja. Mfanyabiashara mmoja wa mafuta ya mawese alikuwa amemfuata akitaka kununua nyumba yako aifanye ghala la mapipa. Kichuguu kivunjwe, maana kimeziba njia ya kutelemshia mapipa mtoni. Ramazani aliniambia akiwa amesimama, hakukubali kigoda. "Mama mudogo," aliniambia, "arobaini ikipita, fulu, hii tanuri ya mama, itavunjwa. Usinichukie. Mimi siishi huku, na wewe uko na kwenu."

Neno lile halikuwa baya. Ni kweli niko na kwetu. Lakini lilinipata kama maji baridi, kwa sababu hapa kwako nilikuwa nimeacha kuhesabu kwamba niko ugenini. Unakumbuka nilivyokuja? Nilikuwa nimekimbia na watu kutoka Wamaza, siku zile za milio ya bunduki, kila mtu na njia yake, nikafika hapa na kitenge kimoja na viatu viwili vya kushoto. Ulikuwa umeinama kwenye beseni. Hukuniuliza kabila, hukuniuliza dini, hukuniuliza mume wangu yuko wapi. Uliniuliza, "Mikono yako iko safi?" Nikakuonyesha. Ukanitazama, ukasema nikaoshe tena. Niliporudi ukanisukumia beseni.

Nilianza kulia mle mle, juu ya unga. Ukaniambia, "Kanda tu. Chumvi ilikuwa kidogo."

Basi maneno ya Ramazani yalikuja wakati mmoja na habari nyingine. Mtu aliyetoka Wamaza kununua chumvi Kasongo alinitafuta akaniletea salamu za mama yangu mzazi. Macho yake yanakufa. Jicho moja limeshafunga, la pili linaona kama kupitia moshi. Alimwambia yule mtu: "Mwambie Feza aje kabla sijaanza kumtafuta kwa mikono."

Wewe ulinisukuma mara nyingi niende kumwona. Kila barabara ilipotulia ulisema, "Nenda umusalimie mama yako, mukate haina miguu, utaukuta." Na kila mara nilikuta sababu: komunyo ya watoto, Idi, arusi ya huyu, matanga ya yule. Nani atakanda? Wewe mikono ilikuwa imeanza kuvimba, ukificha. Nisingeweza kukuacha.

Sasa hakukuwa na wa kuachwa. Nilikata shauri: arobaini yako ikipita nitakwenda Wamaza, na sitarudi. Nikaanza kufunga mzigo. Nilimwambia Mama Esperansi tukiwa mtoni tunafua. Alikamua nguo ile ile tena na tena, mpaka nikaogopa itachanika.

Sikujua alikuwa anafikiri nini. Lakini siku moja kabla ya arobaini, mchana, niko ndani nakunja vitenge, nasikia kitu kinaangushwa uani: po! Natoka, naona mzigo wa kuni. Nyuma yake mwingine. Baba Amisi, yule mgema wa upande wa juu, ambaye mlikuwa hamsemezani tangu mambo ya mbuzi wake, alikuwa anapanga kuni kando ya kichuguu kama ulivyokuwa unazipanga, nene chini, nyembamba juu. Nilimuuliza, nini hii? Akasema, "Mwamvita alichoma mukate ya matanga ya mama yangu tukiwa hatusemezani. Mimi nitanyamaza namna gani kwake?"

Halafu Mzee Salumu akatokea mtoni na mfuko wa unga wa ngano begani, kona moja imelowa maji. Nikafungua mdomo. Akasema, "Usiniulize. Kanda."

Nikawaambia siwezi, hata chachu hakuna. Ile yako ilikuwa imekauka chunguni, sikuilisha tangu nilipounguza mikate, sikuwa na moyo wa kuifunua. Hapo Mama Esperansi akaniwekea mbele yangu chungu kidogo kilichofunikwa kwa jani. Nikafunua. Povu, harufu ile ile ya kwako, uchachu kidogo na utamu nyuma yake. Kumbe ulimpa donge zamani achachushie vitumbua vyake vya mchele, naye amekuwa akililisha kila siku. Akasema, "Hii iko yake. Mimi nilikuwa naichunga tu."

Yaya, nilikaa chini. Nilikaa kama wewe ulivyokaa siku ile, mgongo ukutani, lakini mimi kifua kilikuwa kinafunguka.

Tukakanda. Wanawake waliokuja walikuwa wengi kuliko mabeseni, na nusu yao hawajawahi kushika ngano. Wengine walikuwa wanapiga unga kama wanaotwanga sombe, majani ya muhogo. Nilijikuta nasema kwa sauti yako: "Taratibu! Hajakukosea!" Wote wakacheka mpaka machozi. Tukaufunika unga, tukauacha ulale.

Asubuhi ya arobaini kazi ya kwanza ilikuwa kumhamisha kuku. Alikuwa ameshaanza kuatamia na hakutaka kusikia habari ya marehemu wala ya mkate. Alimdonoa Mzee Salumu kidole mpaka damu ikatoka. Mwisho tukambeba na mayai yake ndani ya kikapu, na majivu yale yale chini yake, akakubali kwa hasira. Vifaranga wameshatoka, wote wana mikia.

Baba Amisi akakoka moto. Kuta zikageuka nyeupe, makaa yakatoka, majani ya mgomba yakapita. Mpaka hapo kila mtu alikuwa anajua, maana kila mtu aliwahi kusimama pale akikutazama huku akingoja mkate wake. Lakini kupima moto? Ugomvi ukaanza. Huyu anasema ulikuwa unahesabu. Yule anasema hapana, ulikuwa unaimba. Mama Esperansi akasema yeye hana muda, akaingiza mkono: "Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe..." akautoa mbio akiupuliza. "Iko kali sana!"

Mzee Salumu akasema, "Ile sala yako si ile yake. Mwamvita alisoma Alhamdu."

"Basi soma wewe!"

Akakunja mkono wa shati, akaingiza mkono, akasoma Alhamdu kwa utulivu mpaka mwisho. Akaongeza Kul-huwa-llahu. Akatutazama huku anatabasamu, mkono bado ndani. "Tayari," akasema. "Leteni."

Tukaleta. Tungefikiria kidogo tu, tungejua: mkono ule umeshika kasia tangu ujana, ngozi yake ni kama gome. Haukusikia kitu. Tulipofungua bati, mikate ya kwanza ilikuwa myeusi kama chini ya sufuria, na tulipoikata, katikati yake unga ulikuwa bado unanata.

Wageni kutoka Kasongo walikuwa wameshafika kwa ajili ya dua, ndugu zako, mashehe, na Ramazani katikati yao na kanzu aliyoazima, ndefu mno. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwona anakuja kwetu kule nyuma. Nikajua anakuja kusema kile ambacho angesema mtu yeyote mwenye akili: acheni, mama alikwenda na mkate wake.

Alisimama mbele ya tanuri. Akaangalia ile mikate myeusi, akamwangalia Mzee Salumu anayejificha nyuma ya Baba Amisi. Mdomo ukaanza kumtetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akasema, "Mama angewafukuza wote hapa. Wote!"

Kisha akaniambia, "Mama mudogo, ingiza mukono wewe."

Nikamwambia maneno siyajui yote.

Akasema, "Maneno niachie mimi."

Niliingiza mkono, Yaya, na mwanao akasimama begani kwangu akaanza kusoma. Hakuisoma kama mashehe wanavyosoma. Aliisoma kwa mwendo wako. Anapumzika pale ulipokuwa unapumzika, anavuta pale ulipokuwa unavuta kama unayemeza mate. Huyu amezaliwa pembeni ya kichuguu hiki, ameamka kila asubuhi ya utoto wake kwa sauti ile, na nadhani hata yeye hakujua kwamba bado anayo. Watu wakaacha kusogea. Nilisikia maji ya mto.

Hakufika nusu, mkono wangu ukakataa. "Bado," nikasema.

Tukangoja. Tukarudia. "Bado."

Tukarudia tena, akasoma, akasoma, akafika "amin," na mkono wangu ukaniomba kutoka saa ile ile. Nikasikia nasema, "Leta." Na Mama Esperansi akaleta.

Mikate ya pili ilitoka. Sitakudanganya kwamba ilikuwa kama yako. Mingine iliinama upande mmoja kama mzee anayesikiliza, na chumvi tuliitia mara mbili kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake hajatia. Lakini ngozi ilikuwa nyekundu, na ilipokatwa ilitoa ule mvuke. Dua ikasomwa. Mashehe walikula, katekista alikula, ndugu zako wa Kasongo walikula na kufunga mingine kwenye vitambaa. Na ile myeusi nayo haikubaki, wazee waliikwangua wakaichovya chai. Mzee mmoja akakumbusha siku ile ngano ilipokosekana ukachoma mkate wa muhogo mtupu, mgumu kama tofali, ukatugawia ukiwa umesimama mlangoni na mwiko mkononi kuona nani atathubutu kusema neno. Hakuna aliyethubutu siku ile. Wala siku hii.

Ramazani alikula pembeni, peke yake, mgongo umetugeukia. Hatukumwendea. Hakusema lolote kuhusu nyumba, na sisi hatukuuliza. Akavuka na wageni.

Siku chache baadaye alirudi na yule mtu wa mawese. Mimi nilikuwa napepeta mchele uani, nikaendelea kupepeta, lakini masikio yote yalikuwa kwao. Mtu wa mawese anapima kwa hatua, anaonyesha kwa fimbo: huku mlango mkubwa, huku njia ya mapipa, hiki kichuguu kitoke. Ramazani akasema, "Kile hakitoki."

"Sasa mapipa yatapita wapi?"

"Mapipa yatazunguka."

Walibishana mpaka jua likahama. Mwishowe nyumba haikuuzwa, mtu wa mawese amepangishwa vyumba vya mbele tu. Kwa hiyo, Yaya, unisamehe, sebule yako inanuka mawese na imejaa mapipa. Mkeka wako mzuri nimeuhamishia chumba cha nyuma ninacholala. Mapipa yanazunguka kichuguu kwa kelele nyingi, wapagazi wanatukana mchwa na wazazi wa mchwa, na tanuri imesimama.

Tangu hapo tunachoma siku za Ijumaa na Jumapili, na siku yoyote ya furaha au msiba. Kila mtu na zamu yake. Baba Amisi ni wa kuni. Mama Esperansi ameshajuana na moto: yeye anasema Salamu Maria taratibu, anaongeza Atukuzwe, na hapo mkono wake unamwambia. Ukoko wake ni mgumu zaidi ya wako, na ukimwambia, ananuna. Mzee Salumu tumemkataza kukaribia mdomo wa tanuri, analeta unga tu, na anasema tumemwonea. Na mimi, mzigo wangu ukiwa umefungwa, kila juma nilikuwa nasema nitaondoka juma lijalo.

Jambo moja limebaki, na ndilo nililotaka kukuambia hasa.

Juma lililopita alifariki bibi kizee wa upande wa juu, yule aliyekuwa anakuita "mutoto wangu" wakati ninyi wawili mlikuwa mnalingana mvi. Mimi nilikuwa shambani, mbali, napalilia. Sikusikia kilio, upepo ulikuwa unakwenda upande mwingine. Nilichoona ni moshi. Ulipanda juu ya migomba, mweupe, ukanyooka, na nilijua umetoka wapi, kwa sababu hakuna moshi mwingine wa hapa kisiwani unaonyooka vile.

Hakuna aliyekuja kuniita. Unga ulikuwa umekandwa bila mimi, kuni zimepangwa, mkono umeingizwa. Nilisimama na jembe. Kwanza nilisikia wivu, usinicheke, wivu kama wa mama anayeona mtoto ametembea mbele ya watu wengine. Kisha wivu ukapita, na chini yake nikakuta mwili mwepesi. Nikajua naweza kwenda Wamaza, na naweza pia kurudi. Kabla ya hapo nilikuwa naona moja tu kati ya hayo mawili.

Basi kesho nakwenda kumwona mama. Ramazani atanipokea ng'ambo, atanipeleka mwenyewe na pikipiki. Hakutaka nipande ya mtu mwingine, anasema njia ya Wamaza ina madaraja ya magogo na yeye anayajua moja moja. Mikate ya safari Mama Esperansi ameichoma leo, ninayo hapa ndani ya kitambaa, bado ina joto.

Najua atakachoniuliza mama. Atanishika uso, maana macho hayamtoshi tena, na atauliza miaka yote hii nilikuwa nakula kwa nani. Jina lako halijui, Yaya. Salamu zinazopita kwa wasafiri ni fupi: mzima, yuko Kasongo, yuko kisiwani, anafanya kazi. Miaka yote amekuwa akilala na wazo kwamba mtoto wake yuko duniani bila mtu. Nitamkalisha chini nimwambie jina lako lote, na la baba yako, na jinsi ulivyonirudisha kuosha mikono.

Nakuahidi mambo mawili. Nitakaa na mama mpaka atosheke nami, sitamkimbilia mkate wala mtu. Na mvua za kwanza zikianza nitakuwa nimerudi hapa, na yeye akikubali nitamleta, nimlaze chumba cha nyuma upande wa tanuri, mahali ambapo ukuta hauingizi baridi. Akikataa kuhama, nitakuwa mtu wa njia mbili, wa Wamaza na wa kisiwa, na pikipiki ya Ramazani itanizoea.

Namsikia Mzee Salumu anapiga kelele kule mtoni kwamba mtumbwi wake umeingia maji na hakuna anayemsaidia kuyakumba. Acha niende nikamsaidie. Lala kwa amani, Yaya wangu. Mungu wako na Mungu wangu, ambaye ulisema ni yule yule mmoja, akuangalie mpaka nirudi.

Mimi mdogo wako,

Feza